Mimi ndo yule mama mwenye fimbo kwenye mahafali

Ukiangalia mahafali ya chuo kwenye tivii macho yanaenda kwa Mkuu wa Chuo, yanaenda kwenye siwa (ile rungu ya heshima ya chuo), yanaenda kwa maprofesa na majoho yao ya rangi rangi, ila kuna mtu mmoja anatembea mbele kabisa, kashika kijifimbo, hakuna anayejua ni nani wala pale anafanya nini. Basi huyo ndo mimi. Kwenye ratiba naandikwa mashali, wahudumu wa ukumbi wananiita mama wa fimbo, na kitinda mimba wangu alishawatangazia wenzake shuleni kwamba mama yake ni polisi wa chuo, na wala hajakosea sana, nitafika huko.

Mi ni mhadhiri wa kawaida, nafundisha jiografia kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Tanzania, na hii kazi haiombwi wala haina mshahara, unapewa tu. Kamati ya mahafali ilikaa, mashali aliyekuwepo alikuwa anastaafu, jina langu likatajwa kwa sababu eti nina sauti na sichelewi vikao. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mzee mmoja kwenye kamati aliuliza, huyu dada ataweza kweli kumwambia profesa arudi nyuma ya mstari? Mwenzake akamjibu, ana watoto wanne huyo, ataweza. Usaili ukaishia hapo.

Ila swali la yule mzee lilikuwa na maana kuliko alivyodhani, maana umashali wote uko hapo, kuwapanga foleni watu wazima ambao popote waendapo wanapishwa. Utaratibu wetu uko hivi: wahitimu wanaingia kwanza wanakaa, halafu wanaingia wanataaluma wawili wawili, wadogo mbele wakubwa nyuma, yaani wahadhiri wasaidizi, wahadhiri, waandamizi, maprofesa, maamidi na marasi wa ndaki (yaani wakuu wa vitivo na wa vyuo vidogo vya ndani), kisha wajumbe wa Baraza, Makamu Mkuu wa Chuo, na mwisho kabisa Mkuu wa Chuo mwenyewe na siwa ikimtangulia. Mwenye heshima kubwa anaingia wa mwisho. Wakati wa kutoka inageuka, Mkuu wa Chuo anatoka kwanza na wadogo wanasubiri, na hapo kwenye kugeuza ndo pana kasheshe kwa sababu kila mtu keshachoka, njaa inauma, huko nje wanafamilia wanapunga mikono, na wahadhiri wasaidizi waliokaa karibu na mlango wanajiona kabisa wameonewa.

Na usidhani wasomi hawajali nani yuko mbele ya nani. Wanajali jamani! Kuna maprofesa wanaikumbuka tarehe ya kupandishwa cheo kuliko tarehe ya ndoa, akiona amepangwa mstari mmoja na aliyepanda miaka miwili baada yake anakuja kwako polepole, anatabasamu, anakwambia "mwanangu, nadhani hii orodha yako ina kakosa kadogo". Nimejifunza kumjibu kwa shikamoo ndefu, namwonyesha karatasi ya ofisi ya utumishi, namwambia Profesa orodha imetoka huko, leo tusaidie tuingie salama, kesho tutaifuatilia. Kesho hawafuatilii. Mtu akishaivua joho hasira inaisha, na kwa kweli sijaona hata mmoja aliyekuja Jumatatu ofisini kudai nafasi yake kwenye mstari.

Majoho nayo ni somo lake. Kila mwanataaluma anavaa joho la chuo kilichompa shahada, kwa hiyo ukisimama pale mahali pa kujipanga unaisoma historia ya elimu ya nchi hii bila kufungua kitabu, unawaona waliosoma Uingereza na mekundu yao, waliosoma Marekani na joho jeusi lenye mistari mitatu ya velveti mkononi (wenzetu kule waliandika kabisa kanuni mwaka 1895, mikono ya joho la shahada ya kwanza iweje, ya uzamili iweje, ya uzamivu iweje), halafu unawaona wazee waliosomeshwa Moscow na Leipzig enzi zile ambao hawana joho lolote, maana vyuo vya kambi ya Kisovieti havikuwavalisha wahitimu majoho. Hao ndo wanakuja na suti safi wananiuliza kwa aibu kidogo kama kuna joho la ziada. Lipo. Kila mwaka natunza kabati lenye majoho ya ziada, pini, uzi, sindano, na kofia za saizi zote, na mzee wa Leningrad nitamvalisha mwenyewe na ile hudi, kitambaa kinachoning'inia mgongoni, nitaiweka sawa, kwa sababu ameandika vitabu vingi kuliko wengi waliokuja na mavelveti.

Sasa kuhusu hilo la polisi. Vyuo vya zamani vya Uingereza, hasa Oxford na Cambridge, vilikuwa na watu wa namna hii tangu enzi za kati, wanatangulia mbele ya wakubwa na fimbo au siwa za fedha, na kazi ya sherehe na kazi ya kutunza nidhamu zilikaa karibu karibu. Cambridge mpaka leo mashali wa chuo anaongozana na Makamu Mkuu wa Chuo kwenye shughuli rasmi na pia anawasaidia maprokta wanaosimamia nidhamu ya wanafunzi. Oxford walikuwa na polisi wao wa chuo kabisa, waliwekwa kwa sheria ya mwaka 1825, wakavunjwa 2003. Mwanangu asingenielewa nikimweleza hayo lakini alikuwa ameipata.

Kwetu mambo haya yalikuja kwa njia ya London. Makerere walikuwa wanasomea shahada za University of London tangu mwisho wa miaka ya 40, Dar es Salaam ikaanza Oktoba 1961 na kidarasa kidogo cha sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nayo chini ya London hiyo hiyo, mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar wakaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, halafu 1970 kila mmoja akashika njia yake. Majoho, siwa, mistari ya wawili wawili, vyote vilirithiwa humo humo.

Kwa hiyo kila mwaka hakosekani mtu wa kuniambia, hasa vijana wa sayansi ya siasa, mama hizi si mbwembwe za kikoloni tu? Na mi huwa sibishi haraka, kwa sababu hoja wanayo. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo pale Dar waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na walikwenda wamevaa majoho yao. Mwalimu alikasirika vibaya sana, karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine serikalini nayo ikapunguzwa. Yeye mwenyewe ndo alikuwa Mkuu wa Chuo kwenye mahafali. Huwa nawaza ile picha ya majoho mbele ya Ikulu, mkulima aliyepita njia ile akiiona alisomaje, watu hawa ni wa kwetu au ni wa nani? Joho linaweza kumwambia mzazi "mwanao huyu hapa", na linaweza kumwambia "kaa mbali". Linategemea linatembea kuelekea wapi.

Halafu nawakumbusha hao vijana kwamba pwani yetu hii haikusubiri London ndo ijue kutanguliza kitu mbele ya mkubwa. Kisiwa cha Pate walikuwa na siwa yao, pembe kubwa ya kupuliza iliyochongwa kwa pembe za ndovu, Lamu walikuwa na yao ya shaba, zinapulizwa kwenye shughuli za wenye nasaba, na zimehifadhiwa mpaka leo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Bungeni Dodoma siwa ikiingia na Mpambe wa Bunge kila mtu anasimama, hata wale waliokuwa wanatukanana dakika tano nyuma. Watu wanapenda kusimama pamoja kwa ajili ya kitu, sioni ubaya wake.

Kitu nilichohangaika nacho sana ni kasi. Hakuna aliyenionya. Tulikuwa tunaletewa bendi nzuri sana, vijana wamenyooka, tarumbeta zinang'aa, wakaanza kupiga muziki wa gwaride ule wa mwendo wa haraka ambao ni kama hatua 120 kwa dakika, na mguu wa binadamu haubishani na ngoma, kwa hiyo ghafla wazee wa miaka sabini na majoho mazito kwenye joto la saa nne asubuhi wakawa wanakimbia kimbia nyuma yangu kama wanawahi daladala ya mwisho. Kofia zinadondoka. Mbeba siwa anahema. Ukumbi mzima ulijaa kwa dakika chache na wazazi hawakumwona mtu. Tangu pale kabla ya kila mahafali namtafuta mkuu wa bendi, namsalimia vizuri, namwomba apige kitu cha mwendo wa pole, na mi nikitembea nahesabu moyoni, mguu, pumzi, mguu, pumzi, kwa sababu foleni nzima inafuata miguu ya wa mbele na siyo ratiba iliyochapishwa. Ukiharakisha hatua moja mbele, nyuma kule wanakimbia ili kuziba pengo, hili la mapengo madereva wa foleni za Ubungo wanalielewa bila maelezo.

Polepole ni kazi ngumu, nakwambia. Mwili unataka kumaliza. Watu elfu kadhaa wanakutazama na wewe unatembea kama huna pa kwenda.

Mengine ni mambo madogo ambayo hayaonekani ila yakikosekana kila mtu anayaona. Njia yote naipita jana yake jioni kwa miguu, na viatu vile vile nitakavyovaa, naweka alama za chaki pa kukata kona. Viti vinahesabiwa upya asubuhi maana usiku huwa vinatembea, mtu wa mapambo anakuja anachukua viwili vya kuwekea maua. Meza ya siwa inakaguliwa isiyumbe. Na la choo, jamani, samahani ila ni lazima nilisemee, kabla ya kujipanga natangaza kwa sauti kwamba vyoo viko kule na tuna robo saa, kwa sababu wazee wetu hawatakaa masaa manne, na profesa akitoka katikati ya mstari wa jukwaa kila kamera inamfuata. Mashali wa zamani ndo aliyenifundisha hilo, ndo kitu pekee alichonikabidhi kwa maneno, fimbo aliniachia tu kwenye droo.

Nilipata bahati ya kwenda Marekani kwa masomo mafupi, nikiwa karibu na Boston, na mwenyeji wangu akanipatia nafasi ya kuona mahafali ya Harvard pale Cambridge (hii ni Cambridge ya Massachusetts, siyo ile ya maprokta). Nilikwenda kama fundi anayeenda kuangalia kazi ya fundi mwenzake. Kule wana ofisi nzima ya mashali wa chuo, mwaka mzima inapokea wageni wakubwa na kupanga sherehe, kwa hiyo siyo mhadhiri wa jiografia aliyeombwa Oktoba. Shughuli inafanyika nje kwenye majani chini ya miti, na ikitaka kuanza mashali anamwita sherifu wa wilaya ya Middlesex alete utulivu, sherifu anapanda jukwaani na kofia yake refu, anagonga sakafu mara tatu na kutangaza kikao kianze. Hilo tu. Chuo cha tangu 1636, rais wao amekaa kwenye kiti cha zamani cha pembe tatu ambacho kwa kukitazama nadhani kinaumiza mgongo, na umati wote ule unanyamaza kwa kugongwa mbao. Nilivutiwa sana na jinsi wahitimu wanavyochaguliana mashali wao wenyewe kutoka darasani kwao, hao ndo wanawaongoza wenzao kuingia. Niliporudi nikaleta hilo kwenye kamati, tukajaribu, na kusema kweli wahitimu wanamsikiliza mwenzao kuliko wanavyonisikiliza mimi. Sherifu hatukumwiga. Sisi tukigonga mbao kwenye ukumbi wenye wamama wa Kigoma na Tanga waliokuja na vigelegele hakuna atakayesikia.

Na vigelegele vyenyewe tuligombana navyo sana. MC mmoja tuliyekuwa naye alikuwa na tabia ya kuwakemea wazazi, "naomba utulivu, hii ni sherehe ya kitaaluma", na kila akisema hivyo nilikuwa naona sura za watu zinavyoshuka. Mama kapanda basi kutoka Kasulu, kalala kwa ndugu Mbagala sebuleni, kashona sare na dada zake, anasikia jina la mwanae anaambiwa nyamaza. Nikakaa na dada anayesoma majina, tukakubaliana kitu rahisi, mhitimu akifika kwenye alama yangu ya chaki ndo jina linasomwa, na anayefuata sitamruhusu asogee mpaka kelele zipungue. Mi ndo namshikilia kwa fimbo. Kama familia imekuja na watu thelathini na vuvuzela basi tunasubiri. Imetuongezea muda, siyo kidogo, lakini majina hayamezwi tena, na mtu aliyekuja peke yake bila shangazi wala mjomba anapata sekunde zile zile na wahudumu wangu wanampigia makofi, hilo nimewaagiza.

Hapo ndo nilipoanza kuona umashali kwa jicho jingine. Mwanzoni nilidhani namtumikia Mkuu wa Chuo, kwa sababu ndiye ninayemtangulia. Sasa naona namtumikia yule mama wa Kasulu. Majoho maprofesa wanaonana nayo kila mwaka, wanayalalamikia joto, wengi wangefurahi wakibaki nyumbani. Mzazi anaona mara moja. Msafara ule unapopita mbele yake taratibu, wakubwa wote wa chuo wamevaa wamesimama kwa ajili ya shughuli ya mwanae, hiyo ndo risiti ya ada yake, ndo risiti ya ng'ombe na shamba. Nikielewa hivyo hata njia nikaibadilisha, zamani tulikuwa tunaingilia mlango wa pembeni karibu na jukwaa ili kuokoa muda, sasa tunazunguka tunapita katikati ya viti vya wazazi, mwendo wa pole.

Kuna mwaka tulikuwa na mhitimu anayetumia kiti cha magurudumu. Jukwaa lilikuwa na ngazi, na pembeni kabisa kulikuwa na njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili ya kupitishia maspika. Pendekezo la kwanza lilikuwa ati Mkuu wa Chuo ashuke kwake, pendekezo la pili vijana wanne wambebe. Nikamfuata mwenyewe nikamuuliza, mwanangu wewe ungependa nini? Akasema, mwalimu mi nataka kupita wanapopita wenzangu. Basi nikahamisha alama zangu zote za chaki, wahitimu wote siku ile wakapanda kwa mteremko, wa miguu na wa magurudumu, foleni moja. Hakuna mgeni aliyegundua kama kuna kitu kimebadilika. Na tumebaki nao mpaka leo, kumbe hata kwa dada zetu wenye visigino virefu ni salama zaidi.

Mtihani mkubwa ni akija kiongozi wa kitaifa. Watu wa itifaki na usalama wanafika siku kadhaa kabla na orodha yao, na orodha yao haijui mambo ya wadogo mbele wakubwa nyuma, wao wanajua gari linasimama wapi na nani asimsogelee nani. Kenya wenzetu waliishi na hili kwa muda mrefu, maana mpaka mwaka 2002 Rais ndo alikuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, yaani mahafali yote yanafuata kalenda ya Ikulu, mpaka Kibaki alipoingia akaanza kuwateua watu wengine kushika nafasi hiyo. Mi nilichojifunza na hawa kaka zetu wa usalama ni kuwapa karatasi moja tu yenye mchoro, nani anapita wapi dakika ipi, na kuwaonyesha mapema mahali ambapo fimbo yangu inasimama. Wakiona una mpango wanakuheshimu. Ukiwaambia "hii ni mila ya kitaaluma" bila mchoro watakusukuma pembeni na mila yako.

Mwaka jana kamati ilileta hoja ya kufuta maandamano ya wanataaluma ili kuokoa muda, wahadhiri wakae tu kwenye viti vyao mapema kama wageni wengine. Hoja ilikuja na nguvu, na wengi waliokuwa wanaunga mkono ni hao hao wanaolalamikia joto. Nikaomba ratiba ya mahafali yaliyopita, nikawasomea: maandamano dakika ishirini na kitu, hotuba zote kwa pamoja saa moja na nusu, na hotuba ya mgeni wa pili ilirudia karibu yote aliyosema wa kwanza. Nikasema kama ni kukata, tuanzie huko. Ukimya ukapita, watu wakaangalia meza, mwenyekiti akakohoa. Mwisho hotuba ya mgeni wa pili ikaondolewa, maandamano yakabaki, na yule mzee aliyeuliza kama nitaweza kumrudisha profesa nyuma akanifuata koridoni kuuliza kama mwaka huu naweza kumpatia joho jepesi kidogo.